Minyoo ya swala Nakuru: hadubini au DNA?

Kama unataka tu kujua swala pala au kuro wa Ziwa Nakuru wamelemewa na minyoo kiasi gani, hadubini inatosha. Vuruga gramu 4 za kinyesi kibichi katika mililita 56 za maji yaliyokolea chumvi, chuja, jaza vyumba viwili vya kioo cha McMaster (kioo maalumu cha kuhesabia mayai), hesabu mayai, zidisha kwa 50. Unapata mayai kwa kila gramu.

Jina la spishi hutalipata. Yai la Haemonchus na la Cooperia, aina mbili za minyoo ya tumbo na utumbo, ni shilingi kwa ya pili. La Nematodirus, aina nyingine, hujitambulisha kwa ukubwa wake. Kuotesha mabuu kutoka kwenye mayai hayo huchukua siku 7 hadi 10, na mara nyingi huishia kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu).

DNA ndiyo hutenganisha. PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi, huzidisha kipande cha DNA ya minyoo kiitwacho ITS-2, kisha kinasomwa herufi kwa herufi. Hapo Haemonchus contortus na H. placei hutofautiana kwa herufi 3 tu, kwa hiyo usomaji mchafu hauna maana.

Mengi huharibika kabla ya maabara. Formalini huharibu DNA. Tumia ethanoli ya asilimia 70 au zaidi. Kinyesi kilicholala chini huingiwa na minyoo ya udongo, hivyo chukua kilichodondoka sasa hivi, sehemu ya ndani. PCR ikigoma, mara nyingi ni uchafu wa majani: osha mayai, au zimua DNA mara 10.

PCR ya kawaida haihesabu mzigo. Mimi ningehesabu sampuli zote kwa hadubini, kisha DNA niitumie kwa zenye mayai mengi tu.