Uzoefu wangu: kupima udongo wa ploti ya Mikindani maabarani kabla ya kuchimba msingi

Ukijenga upande wa bara hapa Mombasa, lipia kipimo cha udongo kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa simiti. Nasema hivi nikiwa nimelipa mwenyewe, nimeingia maabarani nikaangalia kazi, na nyumba ya mamangu Mikindani inajengwa kwa hesabu zilizotoka huko. Maabara ni ndogo, ya binafsi, iko kisiwani. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kisiwani mtu huchimba kidogo tu akakuta jiwe la matumbawe, na mafundi wetu wengi wamejifunza kazi juu ya jiwe hilo. Ukitoka kisiwani ukavuka Makupa kwenda Changamwe, Mikindani hadi Miritini, ardhi ni nyingine. Chini kuna mwamba laini wa tope lililogandamana tangu enzi ya Jurasiki, na mahali pengi juu yake pamelala mfinyanzi uliotokana na kuoza kwa mwamba huo. Mfinyanzi wa namna hii hunywa maji wakati wa masika ukavimba, kisha kaskazi ukasinyaa na kupasuka. Mtaani kwetu nyumba zenye nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha si moja wala mbili, na kila mwenye nyumba atakwambia fundi alipunja simiti. Huenda wapo waliopunjwa kweli. Lakini ufa unaofunguka kaskazi na kujifunga masika, huo unatoka ardhini.

Fundi wetu alitaka kuchimba msingi wa futi tatu kama alivyozoea. Injinia akakataa, akasema sampuli kwanza. Vibarua wakachimba mashimo mawili hadi wakagonga mwamba, na injinia akachota udongo wa kila tabaka kivyake. Hapo ndipo nilipoona tofauti ya mtu anayejua kazi: udongo ulitiwa papo hapo kwenye plastiki nzito mbili, moja ndani ya nyingine, hewa ikakamuliwa, ukafungwa, na juu pakaandikwa namba ya shimo, kina na tarehe. Udongo ukikaa wazi ndani ya buti ya gari kwa jua letu hili, unyevu utakaopimwa si ule wa ardhini tena, na hesabu za mbele zote zinapotoka.

Unyevu wenyewe ni kipimo chepesi. Udongo unapimwa uzito, unalazwa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi 110 kwa saa 24, unapimwa tena. Wetu ulikuwa asilimia 27. Kisha wakauosha juu ya chekeche la matundu ya mikroni 63 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na zaidi ya asilimia 80 ikapita. Maana yake mchanga ndani yake ni kidogo mno.

Kipimo kilichonifanya nisimame muda mrefu ni kile cha mipaka ya udongo, yaani ni kwa maji kiasi gani unaacha kufinyangika na kuanza kutiririka, na ni kwa maji kiasi gani unaacha kufinyangika na kuanza kuvunjika. Mipaka hii aliianzisha Albert Atterberg, mkemia wa Uswidi, mwaka 1911. Kijana wa maabara aliniita, "Sogea uone, mama," akanipisha karibu na meza.

Udongo uliopita chekeche la mikroni 425 ulikuwa umekandwa kwa maji safi, ya aina ile inayotiwa kwenye betri, ukafunikwa ukalala siku nzima. Akaupaka ndani ya kikombe cha shaba, akausawazisha, akachora mfereji katikati. Halafu akazungusha mpini, mizunguko miwili kwa sekunde, na kila mzunguko kikombe kilipanda milimita 10 kikaanguka, ta, ta, ta, huku anahesabu kwa sauti ya chini. Anangoja kingo za mfereji zikutane kwa urefu wa milimita 13. Unyevu ambao mfereji hujifunga kwa mapigo 25 ndio mpaka wa juu. Hapigi mara moja akamaliza. Anabadilisha maji, anarudia, anachora mstari kwenye grafu. Wetu ulitoka 58, yaani unyevu wa asilimia 58.

Mpaka wa chini hauna mashine. Alisokota udongo kwa kiganja juu ya kioo, kama mtu anayesokota tambi, mpaka ukafika unene wa milimita 3. Haukukatika. Akaukusanya, akaukanda ukauke kidogo, akasokota tena. Ulipoanza kuchanika kwenye unene uleule, akauokota haraka akautia kwenye mkebe wa kwenda oveni. Ukatoka 25. Tofauti ya 58 na 25 ni 33, na hiyo 33 ndiyo namba niliyoilipia. Kwenye chati ya injinia Arthur Casagrande, inayotumika kutaja aina ya udongo, mstari unaotenga mfinyanzi na tope la kawaida hupita kwenye tofauti ya 28 kwa udongo wenye mpaka wa juu wa 58. Wetu uko juu ya mstari, na mpaka wake wa juu umevuka 50 vilevile. Ni mfinyanzi hasa, wa kuvimba na kusinyaa.

Vipimo hivi viwili vinategemea sana mkono wa anayevifanya. Mimi ningependa mpaka wa juu upimwe kwa koni ya gramu 80, inayoachiwa izame kwenye udongo kwa sekunde 5, na unyevu unaoifanya izame milimita 20 ndio mpaka, kwa sababu mkono wa mtu hauingii sana. Koni walikuwa nayo, ila haikuwa ikifanya kazi.

Wakamalizia kwa kujaza udongo huo kwenye kihori chembamba cha chuma chenye urefu wa milimita 140 na kuukausha. Ulitoka umepungua karibu sentimita 2, umejikunja kidogo kwenye ncha. Nilimwonyesha fundi picha yake. Hakubishana tena juu ya futi tatu.

Injinia akashusha msingi hadi kwenye mwamba, akaweka boriti ya zege chini ya kuta zote, na mfinyanzi wa chini ya sakafu ukatolewa, ukajazwa kifusi cha matumbawe. Kifusi nacho kilirudi maabarani kwa kipimo cha Proctor: tabaka 3, kila moja mapigo 27 ya nyundo ya kilo 2.5 inayoanguka milimita 300, ili kujua ni maji kiasi gani yanafanya kishikamane sawasawa. Kikiwa kikavu hakishindiliki, kikilowa kupita kiasi kinatelezana. Mwenye mpira wa maji pale saiti akapewa kiwango chake, na kila tabaka likapimwa kabla ya jingine kumwagwa.

Sasa nyota niliyoipunguza. Majibu yalichelewa kuliko ahadi, na vibarua walikuwa wakingoja. Tena ripoti ya kwanza ilikuwa ukurasa mmoja: udongo haufai, tumia msingi imara. Huo si mrejesho wa kulipiwa. Nikadai karatasi za vipimo zenye uzito wa kila mkebe, hesabu ya mapigo na grafu. Walizitoa bila kununa, na injinia alizihitaji zote. Wewe zidai siku ya kulipa. Omba pia orodha ya bei ya kila kipimo kabla ya kuanza, maana kwenye yetu walikuwa wameweka uzito mahususi wa chembe, yaani uzito wa chembe za udongo ukilinganishwa na wa maji, na injinia akaufuta kwa kuwa nyumba hii haikuuhitaji.

Mwenye kupanga ghorofa asitosheke na vipimo hivi. Udongo wa mfukoni umeshavurugika, hauwezi kukwambia nguvu ya ardhi. Hapo inatakiwa sampuli iliyotolewa nzima kwa bomba. Na mwenye ploti ya mchanga karibu na bahari, mipaka ya mfinyanzi haimhusu sana. Yeye aombe kipimo cha kloridi na salfeti, kwa sababu chumvi hizo ndizo zinazokula nondo na zege.