Injini tamu, giaboksi yangu imetafunwa

Nimekaa na hasira hii majuma kadhaa, nikisema nitaandika ikishapoa. Haipoi. Naandika hivyo hivyo.

Gari langu ni Volkswagen Beetle ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, zile za umeme wa volti 6. Injini yake ya cc 1200 ilikuwa hoi, inavuja mafuta huku na huku, mlima inaupanda kwa dua. Lakini giaboksi ilikuwa nzima. Gia unaziingiza kwa vidole viwili, haina mlio, haina hata tone la mafuta sakafuni. Nikapeleka gari kwenye gereji moja inayosifiwa kwa kufufua injini hizi, tukakubaliana waniundie 1600 ya volti 12 waifunge kwenye giaboksi ile ile. Nilichowasisitizia ni kimoja tu: giaboksi yangu msiiumize.

Wanaozijua gari hizi wameshaona tatizo lilipo. Flaiwili, lile gurudumu zito la meno nyuma ya injini ambalo stata hulizungusha kuwasha gari, ya volti 6 ina meno 109. Ya volti 12 ina meno 130, na ni pana zaidi. Kasha la giaboksi ya zamani lilichongwa kwa ajili ya ile ndogo, kwa hiyo flaiwili kubwa ukiiingiza humo inakwaruza ukuta wa ndani. Si siri ya watu wachache. Ama unatafuta flaiwili ya meno 109 inayokubali krenkshafti, yaani mhimili mkuu, ya injini mpya, ama unalipunguza kasha kwa kipimo, polepole, kabla injini haijapanda, kisha unasafisha kila chembe. Fundi anayejiita bingwa wa Beetle hilo lazima alijue.

Siku ya kupandisha injini nilikuwepo. Jeki ya magurudumu chini, vijana wawili wanasukuma, fundi mkuu amechuchumaa na spana mkononi. Ikaingia, ikaingia, ikagoma. Pengo likabaki la upana wa kidole. Hapo mwenye kuijua kazi husimama. Anaweka gia, anazungusha puli ya krenkshafti taratibu kwa mkono hadi meno ya shafti ya giaboksi yapate njia yake kwenye klachi pleti. Ikikataa bado, anairudisha nyuma atazame kinachozuia. Injini hii inatakiwa iende kwa nguvu za mikono mpaka nyuso mbili zigusane. Nati ni za kukazia, si za kuvutia.

Yeye akasema, "Kaza."

Wakavuta kwa nati, mara kulia mara kushoto, uzito wa injini ukiegemea ile shafti. Nilisikia chuma kinalia, na tumbo likanisokota.

Kijana mmoja, mwanafunzi pale, akanisogelea huku anafuta mikono kwa tambara. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, hii flaiwili mbona kubwa kuliko tuliyotoa?" Nikamuuliza fundi mkuu. Hata hakuinuka.

"Itajila yenyewe, bosi. Ukiwasha ikazunguka kidogo, itajichongea njia."

Nikamwambia kasha hilo ni la magnesiamu, si chuma. Ni laini, na unga wake ukishika moto, maji huuchochea badala ya kuuzima. Isitoshe huo unga unaingia kwenye klachi na kwenye rilizi beringi, ile beringi inayoisukuma klachi. Akawageukia vijana wake, akacheka: "Bosi kasoma." Halafu akanitazama usoni: "Hili gari ni kuukuu kuliko wewe. Ukitaka ukimya, kanunue jipya."

Mbele ya watu. Mteja aliyelipa, anauliza habari ya mali yake, anajibiwa hivyo. Maneno hayo nimeyabeba kichwani tangu siku ile, nikiendesha nayasikia, nikilala nayasikia. Kosa la kazi linasameheka. Hata mimi nimewahi kukata nati vibaya. Lakini mtu kukucheka kwa sababu umeuliza swali la maana, hilo halifutiki kwa spana.

Sasa nisiwaonee. Injini yenyewe ni tamu. Siku za mwanzo, ukiacha ule mkwaruzo, niliendesha huku natabasamu. Mlima uliokuwa unanilazimisha gia ya pili sasa naupanda na ya tatu, na bado ina pumzi. Inawaka kwa mguso mmoja, haivuji, imetulia ikiwa imesimama. Umeme nao waligeuza kuwa volti 12 kwa usafi, nyaya zimepangwa vizuri, taa zinamulika kweli. Kuna siku nilikuwa tayari kuwapa nyota nne, nikajiambia labda kelele ile kweli itaisha.

Na mkwaruzo ulipungua, ni kweli. Kumbe ulipungua kwa sababu kasha lilikuwa linaliwa.

Kisha jioni moja, mvua inanyesha, nikageuza ufunguo. Stata ikalia kwaarr, ikanasa. Tena, kwaarr. Mara ya tatu kimya. Nililoa pale nikisukuma gari peke yangu, nikiwapigia simu gereji. Walipopokea wakaniambia stata ni kifaa cha umeme, haihusiani na kazi yao. Haihusiani! Stata waliifunga wao!

Sikurudi kwao. Fundi mwingine, mtu mzima asiye na maneno mengi, aliishusha injini bila kelele, akaniita nione. Ndani ya kasha kulikuwa na mfereji uliojipinda kama mwezi mchanga, unang'aa, umechimbwa na meno ya flaiwili. Akapitisha kucha yangu humo. Ilizama. Chini kulikuwa na unga wa kijivu umeganda na mafuta, na mwingine umejaa kwenye rilizi beringi, ukiizungusha inasaga kama mchanga.

Akanipa chaki. Tukatia alama jino la kwanza tukahesabu pamoja, yeye anazungusha, mimi nataja. Mia na thelathini. Kati ya hayo, yaliyoliwa ncha nilihesabu kumi na saba, yote upande mmoja. Akanionyesha na sababu: pua ya shafti ya stata inakaa kwenye bushi, kipete kidogo cha kuishikilia, iliyo ndani ya kasha la giaboksi. Stata ya volti 12 ina shafti nyembamba kuliko ya volti 6. Bushi waliyoiacha ni ya zamani, kwa hiyo shafti ilikuwa inachezacheza humo, na kila nilipowasha ilikuwa inagonga meno badala ya kuyashika. Bushi ndogo ya kurekebisha hilo inaenea kwenye kiganja cha mtoto. Hawakuiweka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni ni injini, na mwenyeji ni giaboksi iliyokuwa imekaa humo miongo sita bila kosa. Mgeni kaja, mwenyeji kaumia, na aliyemleta anacheka.

Shafti ya giaboksi imepona, namshukuru Mungu. Kasha limepunguzwa kwa kipimo na kusafishwa, ukuta umebaki mwembamba kuliko nipendavyo lakini fundi anasema utahimili. Bushi mpya, beringi mpya, flaiwili nyingine. Gari sasa liko kimya, kimya kabisa, na hasira ndiyo kwanza inanipanda, kwa sababu sasa najua kwamba ukimya ulikuwepo siku zote na hili gari kuukuu lingeweza kuupata.

Nilipoanza kuandika nilikusudia nyota mbili, moja ya injini na moja ya yule kijana. Ukitaka kuundiwa injini tu, ukaibeba ukafunge kwingine, nenda kwao, wanajua. Hapana, naghairi. Usiende. Mtu anayekucheka ukimuuliza habari ya flaiwili, huwezi kujua amekuficha nini ndani ya injini. Nyota ya injini naiondoa.

Inabaki ya kijana. Yeye peke yake ndiye aliyeitazama flaiwili kwa macho.