Unanunua usafiri? Piga kwanza hesabu ya moshi

Tukienda kununua usafiri wengi tunauliza "inakula mafuta kiasi gani" kwa ajili ya mfuko tu, kumbe swali hilohilo ndo linakupa na hewa ukaa inayotoka. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ukaa, dizeli kama 2.7. Najua utauliza, lita yenyewe haifiki hata kilo, hizo 2.3 zimetoka wapi? Ni kwamba kaboni ya kwenye mafuta inashikana na oksijeni ya hewani, na kwenye hewa ukaa oksijeni ndo yenye uzito mwingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya huo uzito hukuinunua sheli, injini imeivuta hewani.

Basi chukua 2300 (dizeli 2700) gawanya kwa kilometa zinazotembewa kwa lita, jibu ni gramu kwa kila kilometa. Nikipanga kwa hesabu hiyo napata hivi.

Ya kwanza baiskeli ya umeme (ya kukanyaga tu haina hata mjadala). Yuniti moja ya umeme inakusogeza karibu kilometa 100, yaani hata umeme wako wote ukitoka kwenye makaa ya mawe, ambayo yanatoa takriban kilo moja kwa yuniti, uko kwenye gramu 10 hivi.

Ya pili pikipiki ya umeme. Ya petroli ikienda kilometa 40 kwa lita ni gramu 58 hivi, sio mbaya.

Gari ya umeme ndo inanisumbua kuipanga. Tuseme inatembea kilometa 6 kwa yuniti: kwa umeme wa makaa ya mawe ni gramu 165 hivi, wa gesi kama nusu yake, wa maji, upepo au jua inakaribia sifuri. Afu kutengeneza ile betri kwenyewe kunatoa hewa ukaa nyingi, so unaianza na deni ambalo unalilipa kadri unavyotembea, na mtu wa kuitoa wikiendi tu atalilipa miaka. Umeme wenu ukiwa msafi naiweka ya tatu, ukiwa wa makaa ya mawe inashuka inakutana na gari ndogo ya petroli ya kilometa 15 kwa lita (gramu 153, na hapo sijahesabu moshi wa kuchimba na kusafisha hayo mafuta).

Haibridi ya kawaida (gari yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja), kilometa 20 kwa lita, gramu 115, haitaki chaji, inajichaji ukikanyaga breki. Ile haibridi ya kuchomeka kwenye umeme nunua kama kweli utaichomeka, la sivyo unabeba betri nzito kwa petroli.

Mkiani ni magari makubwa. Langu linaenda 7 kwa lita, gramu 330 karibu, na siku nyingi nimo peke yangu, aibu naiona. Maana gari ya 10 kwa lita ikibeba wanne, kila mtu ana gramu 58, sawasawa na mtu mmoja kwenye ile pikipiki.

Kama ni mtumba usiamini maneno ya muuzaji, jaza tenki, rudisha mita ya safari kwenye sifuri, tembea kilometa 100 au zaidi, jaza tena, afu gawanya mwenyewe hizo kilometa kwa lita zilizoingia mara ya pili.