Kipimo cha siki Kadutu: maelezo mazuri, bango lenye kosa

Nilikuwa nimeahirisha kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa miaka, hadi mwezi uliopita nilipoingia katika kituo kimoja cha afya hapa Kadutu, Bukavu, ambako kipimo hicho hufanywa asubuhi mbili kwa juma. Nilifika saa moja na nusu, nikapewa jetoni namba 14, nikaitwa saa tano kasoro robo. Benchi halitoshi, na mama mmoja mjamzito alisimama karibu saa nzima.

Kabla ya kupima, mama muuguzi hukusanya watu wanane au tisa na kuwaeleza kirusi cha HPV, ambacho ndicho husababisha saratani hiyo, kinafanya nini ndani ya seli. Mimi hufundisha biolojia, kwa hiyo nilisikiliza kwa sikio kali, na nakiri kwamba sijawahi kusikia jambo hili likielezwa vizuri hivyo kwa watu wasiolisomea. Alianza na shida ya kirusi chenyewe: hakina vifaa vya kunakili DNA yake, kinategemea vya seli, ilhali seli za tabaka za juu zikishakomaa huacha kugawanyika na vifaa hivyo hufungwa. Ndipo kirusi hutoa protini iitwayo E7, ambayo huishika protini ya Rb, yaani kufuli inayoizuia seli isianze kunakili DNA ovyo. Seli iliyolazimishwa hivyo ingejisimamisha, au hata kujiua, kwa amri ya protini ya p53. Lakini E6, mwenzake E7, huifanya p53 isagwe na mtambo uleule ambao seli hutumia kuondoa protini isizozihitaji.

Mama mmoja akauliza kwa nini seli hiyo haijirekebishi. Muuguzi akashika ncha ya kikwembe chake, akaonyesha pindo lililofumuka. “Fundi akiona hivi, anasimamisha mashine kwanza, anashona, ndipo anaendelea. Huyu ameondolewa mtu wa kumwambia simama.” Mfano huo nimeshautumia darasani. Ningeongeza tu kwamba mafundi wenyewe hawafukuzwi: protini zinazoshughulikia DNA iliyovunjika, ATM ikiwa mojawapo, kirusi huzivuta kwenye DNA yake ili nakala zake ziongezeke, huku kromosomu za mwenyeji zikivunjika na kugawanywa bila uwiano.

Sasa bango. Ukutani, nyuma ya muuguzi yuleyule, kuna picha inayodai kwamba kirusi “hula seli hadi zife”. Hilo linapotosha, kwa sababu hatari yenyewe iko katika seli iliyoharibika ambayo inakataa kufa. Seli za Henrietta Lacks, Mmarekani aliyeugua saratani ya mlango wa kizazi, zilizochukuliwa Baltimore mwaka 1951 na ambazo hadi leo zinagawanyika katika maabara za dunia nzima, zina jeni za HPV aina ya 18; kama zingeliwa, zisingekuwepo. Aina hiyo pamoja na ya 16 zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Nilipomwonyesha muuguzi kosa hilo alicheka: “Mwalimu, lilikuja hivyo hivyo, na sina ruhusa ya kulibandua.”

Kipimo chenyewe ni cha haraka. Hupakwa asidi ya siki, husubiriwa dakika moja hivi, kisha sehemu yenye seli zilizobadilika huonekana nyeupe. Nyeupe hiyo peke yake haimaanishi saratani, na muuguzi alilisema hilo kabla hajaulizwa. Kwa bahati mbaya umeme ulikatika nikiwa kitandani, akamalizia kwa mwanga wa simu yake. Kipimo kinachotegemea jicho la mtu kinahitaji taa ya akiba, na hapa sikubali udhuru, kwa kuwa kukatika kwa umeme mjini kwetu si jambo la ghafla.

Nililipa dola tano, na risiti ilinibidi kuiomba mara mbili. Kwenye fishi yangu liliandikwa neno moja, “hasi”, bila tarehe ya kurudi. Ya kurudi baada ya miaka mitatu niliambiwa kwa mdomo. Hata hivyo nimeshamwandikisha mdogo wangu, mwenye miaka 31, kwa asubuhi ya Alhamisi. Nimemwambia awahi kabla ya saa moja, na abebe tochi.