TAHADHARI: Kuna fundi mjini Malindi anauza "leseni ya Linux"

Jamani ndugu zangu wa Malindi, nimeliwa shilingi 6,500 mchana kweupe, na nimezituma kwa mkono wangu mwenyewe. Tangu juzi usingizi hauji. Naandika kabla hajampata mwingine.

Kompyuta yangu mnaijua, ile aliyoniachia mdogo wangu na Ubuntu yake, aina ya Linux, yaani programu kuu inayoendesha mashine nzima. Jumatatu mausi ikakataa. Mshale umeganda katikati ya skrini, na huku taa nyekundu ya chini ya mausi inawaka kama kawaida. Mitihani ya madrasa ilibaki kurasa mbili, ustadhi ameshapiga simu mara tatu. Nikapakia mashine kwenye tuktuk kutoka Maweni mpaka mjini.

Nasema wazi, kijana alinipokea vizuri, maana najua mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Shikamoo yake ilikuwa ya mtoto aliyelelewa. Alinivutia kiti, akanipa maji. Akachomeka mausi kwenye tundu la mbele, lile ninalotumia siku zote, akaniomba neno la siri. Nikamtajia, tena mbele ya wateja wawili! Akafungua lile dirisha jeusi, akaandika sudo dmesg, amri ya kuonyesha taarifa za ndani za mashine. Mistari ikamiminika, mingine myekundu. Akaweka kidole juu ya mmoja: device descriptor read/64, error -71.

"Mama, unaiona hii sabini na moja? Leseni ya Linux imekwisha. Mausi haitatambuliwa mpaka uilipie."

Leseni ya mwaka 4,000, draiva, yaani programu ya kuendesha mausi, 2,500. Mimi kazi yangu ni kupiga chapa, hayo ya ndani siyajui. Nimeonyeshwa maandishi mekundu kwenye skrini yangu mwenyewe, ningebisha kwa lipi?

Akasema till yake ya M-Pesa imekwama, nitume kwa namba ya simu. Nikainamia simu, natafuta miwani, naandika namba, naingiza PIN. Nikasikia anaivuta mashine, naye kainama nyuma yake. Nikadhani anapangusa vumbi. Ujumbe wa M-Pesa ulipoingia nikainua kichwa, akanisogezea mausi: "Jaribu, mama." Mshale ukaenda kote ninakotaka. Nikamwombea dua. Nilisimama pale dukani nikamwambia Mungu akuzidishie, mwanangu. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Akanipa na flash, eti draiva imo humo, niitunze.

Nyumbani nikachomeka pale mbele kama siku zote. Kimya. Nikampigia, simu haishikwi. Jioni akaja mtoto wa dada yangu, akaandika neno moja tu, lsusb, linaloorodhesha vitu vyote vya USB ambavyo mashine imevitambua. Kibodi ipo, mausi haipo. Akachomoa waya, akaupeleka tundu la nyuma, akaandika tena lsusb: mstari mmoja umeongezeka, na mshale unatembea. Basi. Kumbe yule alihamisha waya! Tukamulika tundu la mbele kwa tochi ya simu, vijino vya ndani vimeota kutu ya kijani. Ni chumvi ya hewa yetu hii ya baharini. Umeme ulikuwa unapita, ndiyo maana taa iliwaka, lakini mawasiliano hayapiti. Na hiyo -71 ni kosa la mawasiliano baina ya mashine na kifaa, mara nyingi waya au tundu bovu.

Linux hailipiwi leseni ya mwaka. Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991 na mpaka leo watu wanaichukua bure, Ubuntu pia unaipakua bure, na draiva ya mausi ya kawaida ya USB imo ndani yake tayari. Ile flash tuliifungua: faili moja limeandikwa "draiva", ukubwa wake sifuri.

Huyu akamatwe. Kaunti imnyang'anye kibali, duka lifungwe, na wazazi wake waitwe wasikie mtoto wao anavyowafanyia watu wa umri wao. Ni mara ngapi amefanya hivi? Kwa wazee wangapi? Ukisikia till imekwama, ukiombwa neno la siri, risiti hakuna, usitoe hata shilingi. Na mashine isigeuzwe huku wewe unatazama simu. Kwanza jaribu tundu jingine mwenyewe, nyumbani.

Ule ujumbe wa M-Pesa niliutuma kwa 456 kuomba pesa zirudishwe, nikakuta ameshazitoa. Neno la siri nimebadilisha. Flash yake ninayo, nimeifunga kwenye leso, na kesho asubuhi naipeleka polisi. Aliyelipishwa hiyo "leseni" kama mimi aniandikie usiku huu, twende pamoja.