Kompyuta za maktaba ya chuo, kwa sisi tusio wanafunzi

Nilienda kwa ajili ya nyuki. Nina mizinga kumi na minane njia ya Sikonge, na msimu uliopita nondo wa nta waliniharibia sita. Kwenye simu makala za utafiti naziona, ila ukibofya unadaiwa dola thelathini na kitu. Kijana wa jirani anasoma chuo kimoja hapa Tabora, akasema: "Mama, njoo maktaba yetu, pale zinafunguka."

Getini nikaacha kitambulisho cha NIDA. Mkutubi, binti mwenye adabu zake, akanipa shikamoo, akachukua elfu mbili ya kutwa na kunipa kikaratasi chenye paswedi ya mgeni. Hapo sina lawama.

Kompyuta ziko kumi, siku hiyo zilizowaka ni sita. Ya kwanza niliyopewa kitufe cha A kilikuwa kimezama. Sasa Kiswahili bila A utaandika nini? Nikahamishwa dirishani.

Na kweli zilifunguka! Binti akanionyesha AGORA, mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ulioanza mwaka 2003, unaozipa taasisi za nchi kama yetu majarida ya kilimo bure au kwa bei ndogo. Anayesajiliwa ni taasisi, si mtu, ndiyo maana nyumbani nilikuwa nagonga mwamba. Nikasoma kwamba nondo hupenda kundi dhaifu lisiloweza kulinda masega yake, na kwamba sega likigandishwa kwenye friza, mayai na funza wote hufa. Miaka yote nimekuwa nikirundika masega ya akiba stoo, kumbe nawafugia.

Kilichoniudhi kilikuja saa saba. Wanafunzi walitoka darasani, nikaguswa bega: "Samahani mama, wenye mitihani kwanza." Sikatai, chuo ni chao, lakini elfu mbili yangu ilikuwa ya kutwa na hakuna tangazo lolote ukutani. Flashi hawaruhusu, wanaogopa virusi. Mgeni haprintiwi. Kujitumia kwa barua pepe ruksa, ila paswedi ya barua pepe yangu anaijua mwanangu aliyeko Mwanza, na simu hakupokea. Nikanakili kwa mkono nyuma ya risiti ya sukari, nimesimama.

Ukienda, fika asubuhi kabla ya saa nne, na daftari lako. Mimi narudi Jumatano. Friza ya jirani nimeshaiomba.