Baskeli yangu ya kukunja, na kijana aliyenambia nikatafute tairi Japani

"Basi katafute Japani huko ilikotoka." Ndilo jibu nililopewa mie mwalimu mzima, mbele ya wateja wengine, na kijana ambaye nilimuhesabia shilingi 240,000 mkononi mwake na akazibusu kabla ya kuzitia mfukoni. Naandika hasira zikiwa bado mbichi, kwa hiyo anayetaka kujua uzito wa baskeli na ina gia ngapi akaangalie mwenyewe. Mie nina la tairi tu.

Baskeli yenyewe nisiidhulumu, maana haikunikosea kitu. Naishi Michenzani, hapa Unguja mjini, ghorofa ya nne, kwenye maghorofa ya Mzee Karume. Anayekaa kule anaijua shida: baskeli ya kawaida ukiiacha chini huikuti, ukiipandisha ngazi zinakutoa roho na jirani anakusuta kwa kumchafulia ukuta. Ya mwanzo iliibiwa nzima. Ya pili wakachukua siti na gurudumu la mbele, wakaniachia fremu imefungwa mnyororo kwenye bomba la maji kama mbuzi aliyekwisha chunwa. Nikasema basi, sasa nataka ya kukunja, nilale nayo chumbani.

Nikaipata kwenye yadi moja ya vitu vya Japani. Siitaji, wenye kuijua wataijua. Ilikuwa imejibana baina ya friji bovu na kigari cha mtoto, rangi ya samawati, na kistika cha Kijapani kimebandikwa kwenye bomba. Juu haina bomba la kukatiza, unapitisha mguu na baibui lako bila kumuonesha mtu kitu, na cheni imefunikwa vizuri. Nikamuuliza yule kijana suala moja, na nilimuuliza mara mbili: tairi zake zinapatikana?

Akacheka. "Mwalimu, si inchi ishirini hiyo! Watoto wote wa mjini wanapanda inchi ishirini. Tairi zake hata duka la mchele utazikuta."

Wallahi ndivyo alivyosema.

Miezi ya mwanzo niliipenda baskeli ile mpaka mume wangu akawa ananichokoza. Asubuhi naiteremsha mkononi, naifungua pale chini kwenye kibaraza: bawaba moja katikati, komeo lake, usukani juu, siti juu, basi. Napita Kinazini, Maruhubi, Mtoni, njia ile ile ya upande wa gari moshi la zamani la Bububu, na miezi ya Kusi upepo unanisukuma mgongoni mpaka nafika skuli sina hata jasho. Mchana kurudi ni habari nyengine, upepo uleule unakupiga usoni na mchanga juu yake. Skuli naikunja, naitia chini ya meza yangu kwenye chumba cha walimu. Watoto wameshanipa jina, Mwalimu Pochi, na wanafikiri silijui. Mvua ikinishika njiani naikunja nadandia daladala ya 502, naipakata kama mtoto mchanga, na mpaka leo utingo wa njia hiyo hajanisemesha vibaya hata mmoja. Wa 309 nitamfikia.

Aibu zake zipo. Gurudumu dogo halisamehi shimo. Baskeli kubwa inapita juu, hii inaingia mzima mzima na meno yako yanagongana. Na hewa yetu ya pwani inakula chuma, bawaba usipoitia grisi baada ya wiki mbili inalia kama mlango wa banda la kuku. Haya yote nilikuwa nayavumilia.

Ndipo nikajitia ujasiri wa kwenda nayo Jambiani kwa mama. Ni kama kilomita 50 kutoka mjini. Watu wakanicheka, wakasema kwa gurudumu hilo utapiga pedali mpaka Maulidi. Hawajui wasemalo. Kinachoamua mzunguko wako ni gia, na walioitengeneza kule walishaweka meno makubwa mbele kufidia udogo wa gurudumu. Nilitoka baada ya sala ya alfajiri, jua linachomoza niko Tunguu, na nilikuwa nikiwapita wanaume wenye mabaskeli makubwa ya matenga ya samaki. Nilijiona mtu.

Msitu wa Jozani, pale penye matuta waliyowekewa magari kwa ajili ya kima punju. Nimelipanda tuta la kwanza, la pili, la tatu nikasikia pwaa! Tairi ya nyuma. Sikuanguka, lakini nilishuka kwa namna ambayo sitaki kuielezea. Tairi imechanika ubavuni, urefu wa kidole, na tyubu imetokeza nje kama ulimi. Mpira wenyewe nilipoubonyeza ulikuwa mkavu umejaa nyufa ndogo ndogo. Ilikaa Japani miaka, ikakaa kontena, ikakaa kwenye ile yadi juani, na mie nikatazama rangi ya samawati. Kima wawili wapo juu ya mti wananiangalia.

Nikaisukuma mpaka Kitogani. Chini ya mwembe yupo mzee mmoja fundi baskeli, miwani yake imefungwa uzi.

"Shkamoo babu."

"Marahaba mwanangu, karibu kivulini. Unatoka wapi na kidude hicho?"

Nikamwambia inchi ishirini, nikajua mambo yamekwisha, maana tairi za BMX za watoto zilikuwa zimemning'inia kichwani kwake kama ndizi. Akaangua moja, akaanza kuivisha. Upande mmoja ukaingia nusu, nusu iliyobaki ikakataa. Akatia spana, akatia ya pili, akapiga goti. Haikuingia. Akaivua, akavaa miwani, akaisogeza tairi yangu iliyopasuka karibu na pua, akaifuta vumbi kwa kidole gumba, akasoma kimya kimya. Kisha akachukua ile ya BMX akaisoma nayo.

"Hebu na wewe soma. Weye si mwalimu?"

Yangu imeandikwa 37-451. Yake imeandikwa 47-406. Zote mbili, kwa herufi kubwa, inchi 20.

"Ishirini hii na ishirini hii si ndugu," akanambia. "Somo tu, jina moja."

Jamani, nimesomesha hesabu miaka yote hii na kitu hiki sikukijua. Ile namba ya mwisho ni kipenyo kwa milimita, pale tairi inapokaa juu ya rimu. Baina ya 451 na 406 pana milimita 45, na ukingo wa tairi una waya ndani, waya hauvutiki hata uite kijiji kizima. Tyubu ya BMX inakubali kwa sababu ni mpira mtupu, unainyoosha inaingia. Tairi, hapana. Na hata kama namba zimefutika kuna njia ya kujua: ikiandikwa kwa sehemu, 20 x 1 3/8, hiyo ni 451. Ikiandikwa kwa nukta, 20 x 1.75, hiyo ni 406, ambayo ndiyo ya BMX na ndiyo iliyojaa sokoni Darajani. Baskeli za kukunja za Dahon, nyingi za inchi 20 zinatumia hiyo 406. Zile Brompton za Kiingereza, ambazo watalii wanakuja nazo, nyingi ni inchi 16 na namba yake ni 349, na ikikupasukia Makunduchi shauri yako.

Yule kijana wa yadi anauza baskeli kila siku ya Mungu. Hayajui haya? Anayajua. Au hayajui, na hilo ni baya zaidi. Sijui lipi linaniuma.

Nirudi kwa mzee. Alinyanyuka akaingia ndani, akatoka na shazia la kushonea magunia na mshipi wa kuvulia samaki. Akanikalisha kwenye gogo, akaishona tairi yangu. Anapitisha shazia, anavuta mshipi kwa koleo mpaka mpira unakutana, anafunga fundo, anakwenda wa pili. Mishono kumi na mmoja, niliihesabu. Kisha akakata kipande cha tairi kuukuu akakiweka kwa ndani ili mafundo yasiitoboe tyubu, akatia tyubu ya BMX, akajaza upepo kidogo kidogo huku ameweka sikio. Nikamuuliza ngapi babu, akasema nipe ya chai. Nikampa zaidi, akanirudishia.

Nilifika Jambiani saa tano na kitu, nakwenda kama bi harusi, na kila gurudumu likizunguka ule mshono unagonga lami: ta, ta, ta. Mama alinisikia kabla hajaniona.

Kurudi sikuthubutu. Niliikunja, mama akaifunga kwa kanga yake kuukuu, nikapanda 309. Utingo akauliza samaki? Nikasema baskeli. Akataka nauli ya mtu mzima! Nikamwambia haina matako itakaa wapi, gari zima likacheka, akaitupa juu pamoja na madumu na hakunisemesha tena mpaka mjini. Huyo nimemsamehe. Kazi yake ngumu, na ile kanga ilikuwa kweli inanuka dagaa.

Nisiyemsamehe ni yule wa yadi. Nilikwenda siku ya pili yake kwa adabu zangu zote, nimeshika tairi mkononi. Nikamsalimia, nikamueleza, nikamuonesha namba. Hakuitazama. Alikuwa anakula urojo. Nikamwambia, mwanangu, sikudai pesa zangu, nitafutie tu tairi mbili katika hayo mabaskeli mengine uliyonayo, nitalipa. Akanyanyua kichwa: "Mama, mie nauza baskeli, siuzi tairi." Nikamkumbusha la duka la mchele. Wateja wakacheka, na nafikiri kile kicheko ndicho kilichomchoma, maana ndipo alipoitoa ile ya Japani, na kijiko bado kipo mdomoni.

Nilikuwa na maneno. Mie sikosi maneno. Lakini pale nilitoka kimya, nimekumbatia tairi bovu kifuani, na mpaka leo nikikosha vyombo nayakumbuka majibu mazuri niliyokuwa nimpe.

Nikazunguka Darajani, nikaenda Mwanakwerekwe. Kila duka 406, 406. Mmoja akanambia agiza Dar, mwengine akanambia badilisha baskeli. Mwisho fundi wa mtaani kwetu akaipindua, akaitazama nyuma, akasema breki hii haikamati rimu, ipo katikati kwenye ekseli, kwa hiyo gurudumu la nyuma tunaweza kulisuka upya kwa rimu ya BMX na breki isijue kitu. Matundu yakalingana, 36 kwa 36, spoki akatafuta fupi, kwa siku mbili akaisuka. Ya mbele haikuwezekana, breki yake inabana rimu kwa pembeni na mipira yake isingefika chini. Kwa hiyo sasa nyuma nina 406, mbele nina 451, na baskeli imeinua pua kama ngalawa inayopanda wimbi. Pedali nikipinda kona inakaribia kukwaruza lami. Kukunjika inakunjika, ila haisimami tena sawasawa, lazima niiegemeze mlangoni.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema msinunue. Asubuhi ya leo nimekwenda nayo skuli, Kusi ipo mgongoni, na pale Maruhubi bahari imetulia kama maziwa kwenye bakuli, nikaona nitakuwa muongo. Kwa mtu wa ghorofani hakuna kitu kama hichi. Nunueni. Lakini piga goti kwanza, uifute tairi, usome. Ikiwa 451 iache hapo hapo hata wakikupa bure. Hata ningepewa bure nisingeichukua. Au labda ningeichukua. Ile rangi!

Na lile la juzi ndilo lililonitia hasira mpya mpaka nikakaa kuandika. Nimepita ile yadi nakwenda zangu, nikamuona msichana mmoja kashika baskeli ya kukunja nyekundu, na yule kijana yupo pembeni yake: "Inchi ishirini hiyo, dada, tairi zake hata duka la mchele." Nikasimama. Nikashuka, nikaingia, sikumsalimia mtu. Nikapiga goti na baibui langu kwenye vumbi, nikaifuta tairi kwa ncha ya mtandio, nimeshajiandaa kuyasema yote yaliyonibaki rohoni tangu siku ile.

47-406. Na mpira laini, mpya.

Msichana ananitazama, kijana ananitazama. Ikabidi nimwambie mtoto wa watu, chukua, hii nzuri. Yule kijana akatabasamu, akasema, "Mwalimu mteja wangu huyo, muulize."

Akamuuzia kwa 220,000.